Jaketi Lipo Chini ya Kiti Chako

Kama umewahi kupanda boti za kuvuka ziwa letu, basi unanijua, ingawa hatujawahi kuonana. Mimi ndiye ninayekwambia "Ndugu abiria, karibuni safarini" wakati wewe unahangaika kutafuta pa kuweka mzigo. Mimi ndiye ninayekuomba usisimame ukingoni, usiwashe sigara na usimwache mtoto apande kwenye vyuma. Huwa hunisikilizi, na sikulaumu.

Kazi yangu ni sauti. Nina chumba nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, kuta zimebandikwa trei za mayai, na mlangoni limesimamishwa godoro la zamani ili kelele zisiingie. Humo narekodi matangazo ya sabuni, ya mabati na ya minada. Ile sauti inayokuita dirisha namba tatu pale benki ni yangu pia. Mungu alininyima kimo, akanipokonya nywele mapema, ila kooni alinimwagia bila kupima. Nikizungumza kwa simu, asiyenijua hudhani nimeegemea kiti cha ngozi. Wateja wakija chumbani kwangu huniuliza bosi yuko wapi.

Siku kampuni ya boti iliponiletea karatasi mbili za tangazo la usalama, nilizimaliza mchana mmoja, na hata huo mchana ulirefuka tu kwa sababu jirani yangu, fundi wa kuchomelea, alikuwa akikata chuma kila nikifika kwenye neno "tulieni". Sikuuliza karatasi zimeandikwa na nani, wala lini, wala kwa boti ipi. Nilishatangaza sabuni nisiyoogea na mabati nisiyoezekea, sikuona kwa nini boti iwe na makuu.

Kulikuwa na sentensi moja niliyojivunia: "Jaketi okozi lipo chini ya kiti chako." Niliitamka polepole, nikaishusha sauti kwenye "chini" kana kwamba namfunika mtoto shuka. Mke wangu alipoisikia alisema kwa sauti hiyo hata mtu akizama atazama kwa raha. Nilichukulia kuwa ni sifa.

Baada ya muda mtaa mzima ukaacha kuniita kwa jina. Nikawa Ndugu Abiria. "Ndugu Abiria, chenji yako." "Ndugu Abiria, umeme umerudi kwako?" Kampuni ya boti ikaona sauti yenye umaarufu hivyo isikae bure, ikanipeleka semina ya elimu ya usalama majini ili niwe nazunguka kufundisha wananchi. Semina ilifanyika kwenye ukumbi wa hoteli wenye zulia jekundu. Tulionyeshwa picha ukutani, tukajadiliana kwa vikundi, tukapewa vyeti. Maji pekee niliyoyaona siku zile yalikuwa ya chupa.

Nikaanza kufundisha. Nilikwenda shuleni, sokoni, hata kwa wafanyakazi wa kiwanda cha viatu ambao sijui walikuwa wanasafiri kwenda wapi. Nilibeba beseni, boti ya plastiki, kokoto za kuwakilisha abiria, na jaketi moja la maonyesho lenye kifungo maridadi cha kubana kifuani. Najaza maji kwenye beseni, napanga kokoto kwenye boti, halafu nazisogeza zote upande mmoja. Boti inapinduka, watu wanaguna, mimi nanyamaza kidogo ili uzito uwaingie. Nilikuwa mzuri sana kwenye kunyamaza.

Siku moja kwenye kikundi cha wanawake wa sokoni, mama mmoja muuza vitunguu, mnene, mwenye macho ya kuchekacheka, aliniuliza, "Mwalimu, wewe huwa unaogelea wapi?"

"Inategemea," nikamjibu.

"Inategemea nini?"

"Hali ya hewa."

Wakatikisa vichwa kwa heshima, mmoja akaandika.

Ukweli ni kwamba nilikuwa sijawahi kukanyaga boti maishani. Maji yakinipita magoti, moyo hupanda kooni ukaikuta sauti na kuisukuma kando. Aliyelijua hilo ni mke wangu peke yake. Mama yake anaishi ng'ambo ya ziwa, na kila tulipokwenda kumsalimia, mke wangu alipanda boti asubuhi akafika kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilipanda basi linalozunguka ziwa zima, nikafika jua linazama, vumbi masikioni, nikisema kwamba napenda kuona nchi. Mama mkwe hakuniamini. Alishaamua moyoni kwamba nina mwanamke mahali fulani njiani.

Mwaka huu mvua zikaondoka na daraja la njia ya basi. Wiki hiyohiyo mama mkwe akafanyiwa operesheni ya jicho, akataka bintiye awepo siku ya kufunguliwa bandeji, na akaongeza kwamba na mkwe wake aje, safari hii asizunguke.

Nilimkuta mke wangu jikoni anakatakata nyanya. Ana saluni, kwa hiyo hata nyanya huzikata kama anapunguza ncha za nywele.

"Daraja limekatika," nikasema, kwa huzuni niliyokuwa nimeifanyia mazoezi bafuni.

"Nimesikia. Tutapanda boti."

"Nilikuwa nafikiri labda nisubiri walijenge."

"Wakilijenga, mama atakuwa ameshamaliza kuona kila kitu."

"Mama Pacha, mimi na maji unatujua."

Akaweka kisu chini. Tunaitana Mama Pacha na Baba Pacha tangu mapacha wetu wazaliwe, ila akitaka kunipa ukweli huanza na kuweka chini alichoshika. "Baba Pacha, wateja wangu wananiuliza mumeo anaogelea mtindo gani. Nawajibu, wa kwake mwenyewe. Nimekutunzia siri mpaka imezeeka. Kesho utapanda boti kama watu wote, na mapacha watabaki kwa dada yangu."

Basi nikapanda. Nilivaa suruali nyepesi, isiyolowa sana, na viatu vya kuvulika kwa haraka, kama nilivyokuwa nikiwashauri wengine. Boti yenyewe ilikuwa ya faiba, nyeupe, na injini mbili zimening'inia nyuma. Juu lilifungwa turubai la kuzuia jua, na viti vyake vilikuwa vya plastiki vilivyokazwa kwenye miguu ya chuma, kama vya kituo cha mabasi. Kati ya gati na boti palikuwa na mwanya wa kama shubiri moja. Niliutazama mwanya ule mpaka watu nyuma yangu wakaanza kukohoa. Mke wangu akanishika kiwiko kwa upole, kama anayemvusha mzee barabara, akanivuta.

Tulipokaa tu, spika zikakwaruza.

"Ndugu abiria, karibuni safarini."

Nilijiweka sawa kwenye kiti. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yangu ikiwa kazini. Nikawatazama abiria wenzangu nione inavyowagusa. Mmoja alikuwa anapiga miayo. Bwana mmoja mwenye koti la suti alikuwa anabishana na simu yake. Kwenye kiti cha mbele yetu alikaa yule mama muuza vitunguu wa sokoni, na mimi nikajikunyata ili asinione. Hakuna aliyesikiliza. Sikujua kwamba nafanana hivyo na feni.

"Jaketi okozi lipo chini ya kiti chako."

Nikainama. Mtu akiogopa kama nilivyokuwa naogopa anaweza kumwamini yeyote, hata yeye mwenyewe. Nilipapasa huku na huku chini ya kiti. Nikashika gunia. Nikalibonyeza: vitunguu.

"Umepoteza nini?" mke wangu akauliza.

"Najitafuta," nikamwambia, nikamwita mhudumu, msichana mrefu mwenye fulana ya kampuni. "Dada, majaketi yako wapi?"

"Si umesikia tangazo, kaka? Chini ya kiti."

"Nimetazama. Hapana kitu."

"Ah, basi yako kwenye kasha kule nyuma. Tangazo ni la boti ile ya zamani, ilikuwa na viti vya kasha vya mbao. Ile iliuzwa kitambo."

"Na hamkubadilisha?"

"Tubadilishe nini? Abiria wanalipenda. Lina sauti nzuri," akasema, akaenda kufungua kamba.

Mke wangu aliingiza uso kwenye mkoba wake kama anatafuta kitu kidogo sana. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Nusu ya kwanza ya safari sitaisimulia kwa sababu niliipitisha macho yamefungwa. Nilikuwa nakariri kanuni za usalama kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo, na kwa kweli nilianza kuzoea. Nikafungua jicho moja. Ziwa lilikuwa pana, la kijivu, na nchi kavu imekuwa mstari mwembamba pande zote mbili. Nikalifunga tena.

Ndipo injini zikakohoa. Moja ikanyamaza, na nyingine ikalia kwa hasira kidogo kisha nayo ikanyamaza. Kumbe tulipita juu ya wavu uliotupwa na wavuvi, kamba zake zikajiviringisha kwenye propela. Boti ilipokosa mwendo ikageuka taratibu, ikayapa mawimbi ubavu. Yale mawimbi ambayo dakika chache kabla tulikuwa tunayakata, sasa yakawa yanatupiga makofi. Maji yakaruka yakamwagikia safu nzima ya watu.

Watu wakasimama. Nahodha alikuwa ameinama nyuma upande wa kulia, na kila mtu akataka kuona anachokiona, kwa hiyo nao wakaenda upande wa kulia. Boti ikalala. Nilihisi kiti changu kinapanda juu. Kokoto zangu zote, nilizozipindua kwa madaha kwenye beseni mbele ya mamia ya watu, zilinijia akilini, na kila moja ilikuwa na uso wangu.

"Weka tangazo," nahodha akampigia kelele mhudumu. "Weka tangazo watulie."

Alikuwa na nia njema. Mhudumu akabonyeza, na sauti yangu ikajaa botini, nzito, tamu, haina haraka. "Ndugu abiria, endapo itatokea dharura, tulieni. Jaketi okozi lipo chini ya kiti chako."

Abiria ambao hawajawahi kunisikiliza hata siku moja, siku hiyo walinisikiliza neno kwa neno. Boti nzima iliinama kwa pamoja. Boti nzima ikapapasa. Kisha vichwa vikaanza kuinuka, kimoja kimoja, na sijawahi kuona nyuso za namna ile. Mtoto akaanza kulia. Mtu akasema yameibwa. Mwingine akasema walio nayo wanayaficha, na watu wakaanza kutazamana vibaya. Yule bwana wa suti alikuwa ameshika kitunguu, anakiangalia kama kimemtukana.

"Huyu anayesema humu ndani ni mwongo," akasema kwa sauti.

"Mwenyewe huyu hapa," akasema mke wangu.

Mtu akiaibika hutamani ardhi ipasuke immeze. Mimi sikuwa hata na ardhi.

"Mama Pacha," nikanong'ona, "unaniuza?"

"Simama uwaambie wakae. Si ndiyo kazi yako?"

"Mimi naogopa."

"Hata mimi naogopa," akasema, na nilipomtazama niliona kwamba hatanii. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Naogopa kila safari, Baba Pacha. Nikishakaa nasikiliza sauti yako mpaka iishe, ndiyo napata nguvu. Sijawahi kuinama kutazama chini ya kiti. Ulisema lipo, nikajua lipo."

Nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kunyimwa malipo, nimewahi kuitwa mbele ya watu kupewa cheti cha mtu mwingine. Hakuna kilichoniingia kama maneno yale. Nikasimama.

Kusimama ni neno kubwa. Nilikumbatia nguzo ya turubai kwa mikono yote miwili, kama mwizi aliyefungwa mtini akisubiri polisi, nikafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya bawaba isiyo na mafuta. Isitoshe, lile tangazo nililijua kwa kulianzia mwanzo tu, sikuweza kuingilia katikati. "Ndugu abiria," nikasema, "karibuni safarini."

Mtu wa nyuma akajibu, "Safari gani tena, kaka, na tumesimama?"

Mmoja akacheka, wa pili akamfuata. Kilikuwa kicheko cha woga, cha kukatikakatika, lakini kililegeza magoti ya watu, wengine wakakaa bila kujua. Nikaona hapo ndipo pa kupenyea.

"Nisameheni," nikasema. "Nilisoma karatasi nikarekodi, sikuja kuangalia. Majaketi hayapo chini ya viti. Yapo kwenye kasha, nyuma. Mtaletewa. Ila kwanza kaeni, kila mtu kiti chake. Mliokuja upande huu rudini, mmoja mmoja, msirudi kwa mkupuo. Boti hii haitazamishwa na wimbi, itazamishwa na sisi kutaka kuona."

Mama wa vitunguu akageuka, akanitazama juu hadi chini. "Kumbe ni wewe, mwalimu," akasema. "Hali ya hewa ya leo vipi?"

Hakungoja jibu. Alimshika bwana wa suti mkono akamvuta kitini. "Kaa, baba. Huyu alituonyesha kwenye beseni, na kokoto zote zilimwagika. Kaeni jamani, nimeziona kwa macho yangu zinamwagika." Alikuwa na nguvu za mtu anayeshusha magunia kila siku, na aliowashika walikaa. Boti ikainuka ikawa sawa.

Nahodha naye hakuwa amelala. Alikata kamba za turubai la juu kwa kisu, akalifunga pembe zote nne kwa kamba moja ndefu, akaenda mbele akalitupa majini. Turubai likajaa maji, kamba ikakaza, na taratibu pua ya boti ikageuka ikayakabili mawimbi. Makofi yakakoma, tukabaki kupanda na kushuka tu. Nilibaki mdomo wazi. Kitu hicho kilikuwamo kwenye kitabu cha semina, kinaitwa nanga ya maji, na kulikuwa na mchoro wake. Mimi kwa mchoro ule nilidhani ni parachuti, na niliwahi kuwaambia wafanyakazi wa kiwanda cha viatu kwamba ni kwa dharura zinazotokea angani.

Lakini sifa za nahodha hazikudumu kuliko zangu. Mhudumu alirudi kutoka nyuma mikono mitupu.

"Nahodha, kasha lina kufuli."

"Lina kufuli, ndiyo. Watu wanayaiba wanayafanya mito."

"Ufunguo uko wapi?"

"Ofisini."

"Ofisi ipi?" nikauliza mimi, ingawa hakuna aliyenihusisha.

Nahodha akanyoosha kidole kuelekea nchi kavu tulikotoka, ule mstari mwembamba. Halafu akaushusha polepole. "Miaka yote niliyoendesha sijawahi kuyahitaji," akasema, lakini hakusema kwa majivuno. Alisema kama mtu anayejisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Kasha lilivunjwa kwa mkono wa nanga ya chuma. Bwana wa suti alivua koti, akasaidia kukandamiza, kufuli likaruka likatumbukia ziwani. Majaketi yakapitishwa mkono kwa mkono, yanatoa vumbi, mengine yana utando wa buibui. Nikajikohoza. Angalau hapa ndipo nilipokuwa bingwa. Nimevaa jaketi mbele ya watu mara nyingi kuliko mwanamitindo. Nikaanza kuonyesha: mkono huu, mkono huu, kisha bana kifuani. Nikapapasa kifungo. Hapakuwa na kifungo. Haya yalikuwa ya mikanda mirefu ya kufunga kwa mafundo. Nilifunga nilivyoweza, nikamfunga na mke wangu, nikawahimiza wengine wafunge kama mimi. Bahati njema hakuna aliyenifuata, walimtazama mhudumu.

Kukata zile kamba za wavu kulichukua muda mrefu hata watu wakaanza kulalamikia njaa, na nikajua hatari imepita. Nahodha aliinua injini moja baada ya nyingine, yeye na mhudumu wakiukata wavu vipande vipande. Injini ya kwanza ilipowaka watu walipiga makofi. Mama wa vitunguu aligawa kitunguu kimoja kimoja kwa waliokuwa wametapika, anasema kinakata kichefuchefu. Nilipewa viwili.

Tulipofika gatini nikasimama ili nishuke, na mke wangu akasimama nami, kwa nguvu, akaangukia mgongo wangu. Nilikuwa nimeufunga mkanda wangu na wake pamoja, fundo la kufa mtu. Mhudumu alijaribu kulifungua akashindwa, akaazima kisu cha nahodha. Kwa hiyo kama tungezama tungekwenda kama mzigo mmoja. Mke wangu aliukata mkanda mwenyewe. "Wengine hupewa pete," akasema.

Nyumbani kwa mama mkwe kulikuwa na kiti cha mgonjwa barazani, naye amekaa, bandeji jichoni. Nilimwamkia. Akageuza kichwa upande wa sauti.

"Mbona mmekuja na spika ya boti?" akauliza.

"Ni mimi, mama. Nimepanda boti."

"Ulipanda peke yako?"

"Na binti yako."

Akahesabu mambo yake, na nadhani yule mwanamke wa njiani alianza kufutika taratibu.

Tuliporudi, nilikwenda ofisi ya kampuni ya boti. Meneja alinipokea kwa furaha, akaniambia nimeokoa watu. Nikamwambia nimewatisha kwanza. Nikamwomba mambo mawili: tangazo lirekodiwe upya, ndani ya boti yenyewe, na mimi nikiwa nimeshika kila ninachokitaja; na kasha lisifungwe tena. Akasema kwenye kasha kuna tatizo la wizi. Nikamwambia kwa sauti yangu ya benki kwamba mtu aliyeiba jaketi ili alilalie walau analitumia. Akakubali, nadhani kwa sababu ya sauti zaidi kuliko hoja.

Jambo ambalo sikulitarajia ni nahodha kunijia chumbani kwangu. Alisukuma godoro la mlangoni, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaziangalia trei za mayai ukutani kama anayekadiria wingi wa kuku. Mtu huyu ameendesha boti tangu mimi sijaota ndevu.

"Ile ya beseni," akasema mwishowe. "Nataka unifundishe na mimi. Kampuni imesema kila nahodha apate cheti."

"Wewe, nahodha? Uliyetupa turubai?"

"Turubai nililiona kwa marehemu baba yangu mdogo. Sijui kwa nini linafanya kazi. Najua tu linafanya."

"Hata mimi sijui," nikamwambia. "Nilidhani ni parachuti."

Akacheka mpaka akajifuta macho. Halafu akainama, akashusha sauti, ingawa siku hiyo hata fundi wa kuchomelea hakuwapo. "Kuna jingine. Mimi sijui kuogelea."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Alisema watu wengi wa kazi yake hawajui, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Nilimwambia na mimi sijui. Tukakaa hivyo, wataalamu wawili wa maji, tukisikiliza feni.

Mwalimu wetu ni yule mhudumu, ambaye ameogelea tangu utotoni na hajui ni kwa nini wengine hawawezi, jambo linalomfanya awe mwalimu mbaya sana. Husema, "Elea tu," kama anayekwambia kohoa tu. Nahodha alipomuuliza anaeleaje, alifikiri sana, akasema anajiachia. Mimi nilikwenda kwenye kitabu cha semina, nikakuta ukurasa mzima kuhusu kulala chali, kifua kimejaa hewa, masikio ndani ya maji. Nikamsomea nahodha. Akanisikiliza kwa adabu, tukiwa tumesimama kwenye maji ya kiunoni, mke wangu na mama mkwe wakiwa wamekaa ufukweni kwenye viti walivyovibeba wenyewe. Mama mkwe alikuwa amekuja kwetu kwa wiki moja, jicho limepona, na alisema anataka kulipatia kitu cha kuangalia.

"Anza wewe," nahodha akaniambia. "Ndiwe uliyesoma."

"Anza wewe. Ndiwe mwenye uzoefu."

"Uzoefu wangu wote ni wa juu ya maji."

Mhudumu akachoka nasi. Alinisukuma kifua kidogo, kwa vidole viwili, na mimi, ambaye sina kimo cha kujitetea, nikaenda chali. Maji yakaingia masikioni, dunia ikazimika sauti. Nikasikia kitu kinaunguruma taratibu, nikachelewa kutambua kwamba ni pumzi yangu. Nilijaza kifua kama kitabu kilivyosema na nikajiachia kama mhudumu alivyosema, na kwa muda mfupi, mfupi sana, hakuna kitu chochote kilichokuwa kimenishika.

Kisha nikakumbuka niko wapi, nikapiga kelele, nikanywa ziwa, nikasimama. Nahodha alinipiga mgongoni mpaka nikamaliza kukohoa.

"Vipi?" akauliza.

Nilitaka kumpa jibu zuri, ila sauti ilikuwa imekauka kabisa. Nikamwonyesha kwa mkono alale, nami nikaiweka mikono yangu chini ya mgongo wake. Ni mzito sana, yule mtu.